Nilisaini bati usiku

Zahanati ya kijiji chetu ilianza kutoa dawa Februari 2023. Tofali zake za kwanza tulizifyatua mwaka 2015, na mimi nilikuwemo tangu siku ya udongo hadi siku ya dawa. Naandika kwa sababu kila mwaka wa fedha kuna kijiji kinachopigiwa simu kwamba fedha zimeingia, na humo kuna mtu kama mimi, mkulima wa viazi aliyeishia darasa la saba, anayetajwa kwenye kamati bila kujua anaingia wapi. Makosa yangu mengi yangezuilika kwa kalamu na dakika kumi za subira. Ndiyo maana bado yananiuma.

Tuko juu milimani, mkoa wa Iringa. Mwezi wa tatu ukiitafuta barabara yetu unaona mfereji. Zahanati ya karibu ilikuwa kata ya jirani, kilomita 11, na mwaka mmoja kabla hatujaanza kujenga mdogo wangu alijifungulia njiani chini ya mikaratusi, mvua ikinyesha, sisi wanawake watatu tukimzungushia kanga. Mtoto alipona. Tulijua wengine ambao hawakupona. Kwa hiyo mkutano mkuu ulipoitwa, na tukakumbushwa kwamba mpango wa afya ya msingi ulioanza 2007 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, hakuna aliyebisha. Tuliambiwa wananchi tuinue boma, yaani kuta bila paa, hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, Serikali itakuja kumalizia. Kila kaya shilingi 15,000, tofali 200, na siku za kusomba mawe na mchanga kutoka mtoni.

Nikapewa kukusanya kitongoji chetu, kaya 61. Nilinunua daftari la mistari la mtoto wa shule. Mtu akinipa fedha, nilimwandika jina. Sikumpa karatasi yoyote. Nilipopeleka fedha kwa mweka hazina, naye aliandika kwenye daftari lake, nami sikupewa karatasi yoyote. Tuliaminiana, tumezikana, tumeozeshana watoto; kudai risiti kungeonekana ni matusi. Baba yangu alikuwa akisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi niliona ninalo daftari, basi inatosha. Sikujua kwamba daftari ambalo mtoaji hana nakala yake ni la mwenye kuandika peke yake.

Walipobaki wachache ambao hawajatoa, mtendaji wa kijiji wa wakati ule akaja na mgambo wawili. Kazi yangu ilikuwa kuonyesha nyumba. Tulifika kwa bibi mmoja mjane. Akasema ametoa, alimpa mwenyekiti wa kitongoji njiani akitoka mnadani. Nikafungua daftari, jina lake halikuwemo. Mgambo wakachukua debe moja la maharage. Nilisimama mlangoni pale nimelikumbatia daftari, na yeye hakupiga kelele. Aliniangalia mimi, hakuwaangalia wao.

Mwaka uliofuata mwenyekiti yule wa kitongoji alinitajia kwa mdomo wake kwamba bibi alimpa kweli, naye akasahau kunifikishia. Maharage yalikwisha kuuzwa. Nilinyamaza. Nilijiambia mradi utakapokamilika atasahau.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba mchango unaweza kupitishwa na mkutano mkuu, lakini kumkamatia mtu mali yake kunahitaji sheria ndogo, iliyojadiliwa na wanakijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sisi hatukuwa nayo. Ukiambiwa ukaonyeshe nyumba za wadaiwa, omba kwanza uonyeshwe sheria ndogo yenye idhini. Kama haipo, usiende.

Boma lilifika lenta mwaka 2016, likaishia hapo. Mweka hazina akahamia kwa mwanawe mkoa mwingine, na daftari lake hatukuliona tena. Sijui kama fedha ilipotea. Inawezekana kila shilingi iliingia kwenye saruji. Lakini hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema tulikusanya kiasi gani, tukatumia kiasi gani. Kwa miaka mitano boma lile lilikuwa zizi la mbuzi mchana, na jioni za masika vijana walikwenda kunywea ulanzi humo.

Jambo ambalo watu wa mjini hawalioni ni jinsi jengo moja lililokwama linavyokula mambo mengine yote. Mkutano mkuu, ambao unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, ulikuwa ukiahirishwa kwa uchache wa watu. Bomba la maji lilipopasuka juu ya korongo, tulihitaji mchango mdogo tu wa kila kaya, watu wakajibu, "Mtatupeleka kwenye boma tena." Tukateka maji mtoni miezi minne. Madawati ya shule yakakwama hivyo hivyo. Hata kwenye misiba, zile shilingi elfu moja za rambirambi, watu walianza kudai zisomwe hadharani kabla ya maziko, na ndugu wa marehemu wakaona wanadhalilishwa. Watoto wa yule bibi hawakuwasalimia wanangu. Hakuna aliyesema sababu ni boma. Sote tulijua.

Novemba 2019 tulichagua uongozi mpya wa kijiji, na baadaye tukaletewa mtendaji mwingine, kijana mwenye utaratibu. Mwaka 2021 mhandisi wa halmashauri alikuja kulipima boma ili liingizwe kwenye orodha ya kumaliziwa. Tukakuta chumba cha kujifungulia ni kidogo kuliko ramani ya wizara, kwa sababu mwaka 2015 tulijenga kwa kukadiria kwa hatua za fundi wetu. Ukuta mmoja tukaubomoa. Ule uliobomolewa ulikuwa na tofali za kitongoji chetu, nilizitambua kwa rangi. Ramani za zahanati zipo halmashauri. Zifuateni kabla ya kuchimba msingi, na mwombeni mhandisi aje aone mkifika usawa wa jamvi, ile sakafu ya zege juu ya msingi, msimsubiri kwenye lenta.

Machi 2022 zikaingia shilingi milioni 50.

Mradi ulikuwa wa fosi akaunti. Maana yake hakuna mkandarasi. Kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kuingia mkataba na fundi wa kawaida. Mkutano mkuu ulichagua kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi nikawa ya mapokezi. Tulifundishwa siku moja, chini ya mti wa shule, na ofisa aliyekuwa na vijiji vingine viwili vya kufika siku hiyo hiyo. Niliondoka na jambo moja tu kichwani, nalo lilinitosha: anayenunua asipokee, na anayepokea asijenge. Kila mmoja ni jicho la mwenzake. Nilidhani nimeelewa.

Bati zilifika siku ya Alhamisi, saa mbili usiku. Lori lilikuwa limekwama mtoni tangu mchana. Mvua inanyesha, dereva anapiga honi, utingo anasema wasiposhusha sasa hawatavuka tena kurudi. Tukahesabu kwa tochi ya simu, idadi ikatimia. Dereva akanipa hati ya kupokelea mzigo, akaniinamishia mgongo wake nisainie juu yake. Nikasaini. Wenzangu wawili wakasaini. Nilirudi nyumbani nimelowa na nina furaha, nikamwambia mume wangu, "Paa limefika."

Asubuhi mzee mmoja wa kijijini, aliyepaua nyumba maisha yake yote, alipita kuangalia. Akanyanyua bati moja, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akalirudisha. "Binti yangu, makadirio yenu yanasema geji ngapi?" Nikamwambia 28. Akatikisa kichwa. "Hii ni 30."

Kwa asiyejua: geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Kwa macho, mzigo mzima ukiwa umefungwa, hutofautishi, na bei zake zina tofauti kubwa. Tulikuwa tumeandikiwa bati nene, tumeletewa nyembamba, na jina langu lilikuwa chini ya karatasi inayosema vimepokelewa vifaa sahihi.

Nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Sikula vizuri. Niliona nikisema, nitaambiwa nimehongwa. Nikinyamaza, mvua ya mawe ya kwanza itanisemea. Nilimfikiria bibi wa maharage, na jinsi kunyamaza kule kulivyokuwa rahisi siku ya kwanza na kuzidi kuwa kugumu kila mwaka. Siku ya nne nilikwenda kwa mtendaji. Hakunifokea. Aliuliza swali moja: "Vocha ya malipo imeshasainiwa?" Haikuwa imesainiwa. Fedha ya bati ilikuwa bado benki.

Hapo ndipo tuliponusurika. Muuzaji alitujibu kwa simu kwamba tumesaini, yamekwisha. Tukamwandikia barua yenye mhuri wa kijiji, tukaambatanisha nakala ya makadirio na ankara yake mwenyewe iliyoandikwa geji 28, nakala nyingine tukaipeleka halmashauri. Siku 19 baadaye lori lilirudi na bati sahihi. Gharama ya kurudisha zile za kwanza tulibeba sisi, na haikuwa kwenye makadirio, kwa hiyo wajumbe tulichangishana. Kenchi zilikaa wazi kwenye mvua muda wote huo, mbao mbili zikapinda, zikabadilishwa.

Tangu siku hiyo tuliweka masharti yetu, na nayasema kwa yeyote aliye kwenye kamati ya mapokezi. Mzigo wa usiku hausainiwi usiku. Kama dereva hawezi kusubiri, andika kwa mkono wako juu ya hati: idadi imehesabiwa, ubora haujakaguliwa, ndipo usaini chini ya maneno hayo. Hati ile isiachane na makadirio, ziwe mkono mmoja, usome mstari kwa mstari: geji ya bati, unene wa nondo, namba kwenye mfuko wa saruji, maana saruji ya plasta na ya zege si moja. Mwite fundi mzee asiye na mkataba kwenye mradi, mpe kiti. Na msikubali kulipa kabla ya kupokea, hata muuzaji akiwa shemeji yenu. Fedha iliyoko benki ndiyo sauti pekee mliyonayo mbele ya mfanyabiashara wa mjini.

Mambo mengine nayapitia haraka. Makadirio yaliweka bei ya saruji ya mjini, hayakuweka kupandisha mfuko hadi kwetu wakati wa masika, na kila mfuko ulituongezea shilingi 3,000. Someni makadirio mapema na muombe usafiri uingizwe. Fundi wetu tulimpa zaidi ya nusu ya fedha ya ufundi mwanzoni, akaenda kwenye mradi wa kijiji kingine, kwa sababu fedha ziliingia vijiji vingi mwezi mmoja na mafundi wakawa lulu. Mkataba ulipe kwa hatua: kupaua, plasta, sakafu, rangi, na sehemu ibaki mpaka mhandisi aridhike. Shimo la kutupia kondo la nyuma na kichomea taka tulivisahau kabisa hadi mwisho, na bila hivyo hakuna huduma ya kuzalisha.

Juu ya yote kulikuwa na tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa siku hiyo, na fedha isiyotumika inaweza kurudi Hazina. Machi hadi Juni, miwili kati ya miezi hiyo ni ya matope. Presha hiyo ndiyo inayofanya watu wasaini usiku. Sisemi ni kisingizio changu, ila wanaopeleka fedha milimani katikati ya masika wangelifikiria hilo.

Kuna jambo lililonisikitisha ambalo sikulitarajia. Duka la vifaa la kata yetu, la mtu tunayemfahamu, halikuwa na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na mradi ulidai risiti hizo. Kwa hiyo tulipita mlangoni pake na malori, kwenda kununua mjini. Karibu fedha yote ya vifaa ilishuka mlima kabla haijakaa kijijini hata usiku mmoja. Kilichobaki ni vibarua. Lakini nacho kilionekana. Vijana wale wa ulanzi walilipwa kwa siku, mama wa maandazi akaongeza unga, na watoto wawili waliorudishwa sekondari kwa kukosa sare walinunuliwa sare wiki hiyo hiyo. Niliiona fedha ya umma kwa macho, ikiwa imevaa shati jeupe.

Sisi wajumbe hatukuwa na posho. Nilikwenda saiti karibu kila siku kwa miezi mitatu na nusu. Viazi vyangu vilikosa dawa kwa wakati, ukungu ukavila. Nilivuna magunia sita mahali ninapovuna zaidi ya 20. Mume wangu alivumilia mpaka aliposikia kilabuni kwamba mke wake ananenepa kwa bati za zahanati. Usiku ule tuligombana vibaya. Ukichaguliwa kwenye kamati, ongea na wa nyumbani kwako kwanza, na waambie ukweli kwamba utasemwa.

Kilichopunguza maneno ni ubao. Mtendaji alipigilia ubao wa mbao nje ya ofisi, na kila Ijumaa tulibandika karatasi: kilichoingia, kilichotoka, kwa nani, kilichobaki. Wiki ya kwanza watu walisimama pale kama wanaosoma matokeo ya mtihani. Wiki ya tatu mama mmoja akagundua tumeandika mifuko ya saruji 7 zaidi ya ile aliyoihesabu stoo akiwa anapika chakula cha mafundi. Tukahesabu upya, kosa lilikuwa la kwenye leja, tukalirekebisha kwa wino mwekundu mbele yake. Baada ya hapo maneno ya kilabuni yalipungua sana. Kama kwenu hakuna ubao, mnayo haki ya kuuliza kwa maandishi: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi jibu ndani ya siku 30. Na penye harufu ya rushwa, simu ya TAKUKURU ni 113, haikatwi salio.

Jengo lilipakwa rangi Julai 2022, tukiwa na bahati kwamba malipo makubwa yalikwisha kufanyika kabla ya Juni kuisha. Mkaguzi wa ndani alipokuja alikaa na faili letu kutwa nzima, akauliza juu ya ile hati ya usiku, nikamweleza kila kitu na kumwonyesha barua. Lakini mlango ulibaki na kufuli kwa miezi mingine saba. Hakukuwa na muuguzi, usajili haujakamilika, dawa haziletwi mahali pasipo na mtumishi. Tulidhani tumejenga zahanati, kumbe tulijenga nyumba. Barua za kuomba mtumishi na usajili ziandikwe siku mnayoanza plasta, na diwani azibebe kwenye vikao kila mara. Muuguzi wetu alipofika alipanga chumba kwa mwalimu, na bado hana nyumba yake. Huo ndio mradi unaofuata.

Mkutano wa kuujadili huo mradi ulijaa. Sikuwa nimeona watu wengi vile tangu 2015. Mwenyekiti aliposoma mapato na matumizi ya milioni 50 hadi shilingi ya mwisho, watu walikaa kimya, halafu yule bibi mjane akanyanyua mkono. Alikuwa hajahudhuria mkutano kwa miaka saba. Akauliza, bila kupandisha sauti: "Na zile za mwaka ule mtazisoma lini?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Nikasimama. Nilisema nilikuwa na daftari la kitongoji chetu bado, na kwamba lina kosa ambalo nalijua tangu 2016. Nikalieleza mbele ya wote, yeye akiwa amekaa hatua chache kutoka kwangu. Miguu ilikuwa inatetemeka. Mkutano uliamua kila kitongoji kiandike upya, kaya kwa kaya, nani alitoa nini mwaka 2015, na orodha ibandikwe ubaoni hata kama haitatimia. Kazi hiyo ilituchukua wiki sita na haijatimia. Fedha ya mradi haiwezi kulipa deni la aina ile, kwa hiyo maharage ni ya kwangu.

Nilipeleka Jumapili baada ya ibada. Bibi alitoa debe lake mwenyewe, akaliweka chini, akaniambia nimimine polepole. Likajaa, akalisawazisha kwa kiganja. Halafu akamwita mjukuu wake alete kalamu na daftari la shule, aandike: maharage, debe moja, yamerudi, na tarehe. Mtoto akaandika, akanisogezea. Nikasoma mstari wote kabla ya kusaini.